Padre Malaki, Aliyekwenda Kutoa Pole Muaither

Alizaliwa Malachy Tuohy mwezi wa Novemba mwaka 1943, katika kijiji cha viazi na mvua isiyojua kuchoka, magharibi mwa Ayalandi, mtoto wa sita wa fundi viatu Patrick na mkewe Brigid. Kwao mtu akifa hakuachwa peke yake hata kidogo. Majirani walijaa nyumbani, wakakaa na marehemu mpaka kukakucha, chai na tumbaku zikizunguka, na wazee wakisimulia vituko vyake hadi mjane mwenyewe anacheka huku anafuta machozi. Msomaji wa Bungoma au Siaya atasema, "Kumbe hata wazungu wana matanga!" Wanayo, tena matanga kamili. Lakini kijana huyu alipoingia seminari akiwa na miaka kumi na minane, walimu wake walimwambia hayo ni mambo ya watu wasiosoma, naye akaanza kuyaonea haya.

Alipewa daraja la upadre Juni 1968, na mwaka uliofuata akatumwa Kenya, katika parokia za Bungoma, alikokaa zaidi ya miaka thelathini. Huko ndiko alikogeuka kuwa Padre Malaki. Alijifunza Kiswahili, na Kibukusu cha kutosha kutaniana na akina mama sokoni. Alichimba visima, alifundisha makatekista, alipanda pikipiki kwenye matope kuwapelekea wagonjwa Komunyo. Mtu mwema, hakuna ubishi. Ila tusimpake mafuta kupita kiasi, maana yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa uongo: matanga aliyapiga vita. "Zikeni, salini, rudini shambani," ndivyo alivyohubiri, na waliomtii walitii kwa kununa. Baadaye alikuja kukiri kwamba miaka hiyo yote aliwapa wafiwa sala lakini akawanyima watu.

Mwaka 2004, wenzake wakitarajia arudi kwao apumzike, aliombwa aende Doha, mji mkuu wa Katari. Wakenya na Waganda walikuwa wakimiminika huko kwa kazi za ulinzi, hoteli, udereva na kazi za nyumbani, na hapakuwa na padre wa kuwaungamisha kwa Kiswahili. Alikubali bila kuuliza maswali mengi. Joto la Doha lilimkaribisha kwa kumchubua pua, na pua ile haikupona mpaka alipokufa. Mwaka 2008 kanisa lilipofunguliwa Mesaimeer, pembezoni mwa mji, ndani ya ukuta mmoja na makanisa mengine, bila msalaba wala kengele upande wa nje, Ijumaa, siku ya mapumziko huko, ikawa ndiyo Jumapili yetu. Padre alifuata sheria ya nchi neno kwa neno: ibada ni ndani ya ukuta ule, nje ya hapo hakuna kuhubiri.

Jaribu lake kubwa lilimjia mwaka 2011. Nasimiyu, binti wa Kimilili, alifanya kazi ya nyumbani kwa familia moja ya Waislamu katika mtaa wa Muaither. Mamake alifariki huko nyumbani, akazikwa, naye Nasimiyu hakumwambia mtu yeyote wa familia ile. Alikuwa na sababu. Msichana aliyemtangulia katika kazi hiyo aliwahi kusema mamake amekufa, akapewa ruhusa na tikiti, akapotea moja kwa moja. Na baada ya miezi miwili mama huyo aliyekufa akapiga simu mwenyewe kuulizia mwanawe! Baada ya aibu kama ile, nani angemwamini Nasimiyu? Akafunga mdomo. Aliendelea kupiga pasi na kupika wali, lakini chakula hakikumpita kooni, na vikombe vya wageni vikaanza kumponyoka na kuvunjika. Mama Kubwa, bibi mkuu wa nyumba, akaona huyu kama si mgonjwa basi ana kiburi. Akaamua arudishwe kwa wakala wa ajira aliyemleta, wiki inayofuata.

Aliyeijua siri ni mmoja tu: Rajabu, dereva wa nyumba hiyo, Mwislamu wa Mumias. Ijumaa, alipotoka kuswali, aliendesha hadi Mesaimeer, akamngoja Padre Malaki getini, akamweleza yote. Padre alisikitika kweli. "Maskini, pole yake," akasema. "Nitamwombea marehemu katika Misa ya jioni." Kisha akawageukia wengine waliokuwa wakimsubiri. Rajabu hakuondoka.

"Fadha," alisema, "mimi mambo ya Misa siyajui. Lakini kwetu Mumias mtu akifiwa, watu huenda. Nyinyi hamwendi?"

Lo! Waliokuwepo wanasema uso wa Padre uliiva kama nyanya. Cornelius, mwenyekiti wa baraza la walei, alimshika mkono akamwonya: padre akionekana kuingia nyumba ya Waislamu, na mtu akalalamika, anaweza kufukuzwa nchini, na umati wote huu ubaki bila Misa ya Kiswahili. Yalikuwa maneno ya busara, wala si ya woga. Padre akauvua msalaba shingoni, akamkabidhi Cornelius.

"Siendi kuhubiri," akasema. "Naenda kutoa pole." Akapanda gari la Rajabu.

Mama Kubwa alimpokea sebuleni mbele ya wanawe, Rajabu akitafsiri. Aliposikia kwamba Nasimiyu amefiwa na mama, alikunja uso. "Yule wa kwanza naye alisema hivyo hivyo," akajibu. "Huyu naye anataka tikiti?"

"Hataki tikiti," Padre alisema. "Mamake ameshazikwa. Anataka kulia tu, na analilia jikoni peke yake."

Bibi akaagiza Nasimiyu aitwe. Binti alisimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi, akidhani ndio anafukuzwa. Padre akainuka, akampa pole kwa Kibukusu. Basi! Binti alianguka sakafuni akaangua kilio kile cha nyumbani, cha kumwita mama kwa jina lake. Mama Kubwa hakuhitaji tafsiri, kwani naye alikwisha kumzika mamake. Alishuka kitini kwa shida, magoti yakimuuma, akaketi chini kando ya yule binti.

"Msiba umo ndani ya nyumba yangu, nami namwagiza mfiwa aniletee chai," alisema. "Mungu anisamehe." Kisha akaanza kutoa amri: kahawa ichemshwe, tende ziletwe, Nasimiyu asiguse ufagio kwa siku tatu, na watu wake waitwe waje wakae naye.

Wakaja akina mama wa kanisani kutoka mtaa wa Al Mansoura, kila mmoja alipotoka kazini. Padre aliwakataza nyimbo na rozari, kwa kuheshimu sheria na mwenye nyumba. Wakakaa tu zuliani wakaongea. Nasimiyu akasimulia jinsi mamake alivyomkimbiza mwizi wa kuku kwa mwiko, akamkamata, akagundua kuwa ni shemeji yake, na bado akaendelea kumcharaza. Rajabu alipotafsiri, Mama Kubwa alicheka hadi akajifunika uso kwa mtandio. Siku hiyo Nasimiyu alikula ugali aliouleta Phyllis wa kwaya, akaongezwa, akala tena. Hakurudishwa kwa wakala. Aliendelea kufanya kazi nyumba ile kwa raha yake.

Tangu wiki hiyo Padre Malaki alipanga viti nyuma ya kanisa kila Ijumaa baada ya Misa, na yeyote aliyefiwa mbali na kwao alikalishwa hapo, watu wakamzunguka. Hakuhubiri pale. "Sala tumemaliza ndani," alikuwa akisema. "Hapa tunakaa." Wako wanaoapa kwamba chupa ya chai ya Padre haikuwahi kuisha hata wakija watu mia. Phyllis akisikia hivyo anacheka sana, kwa maana ni yeye aliyekuwa akiijaza. Muujiza ninaoujua mimi ni kwamba walinzi waliokesha kazini walikuja kukaa na mfiwa wasiyemjua, na hawakusinzia.

Moyo wake ulisimama Februari 2017, akiwa usingizini. Mwili ukasafirishwa kwao Ayalandi, nasi tukabaki Doha bila kaburi la kwenda kulilia. Ijumaa tulipanga viti kama kawaida, lakini tulikaa kama watu waliopotea. Padre hakuwa na mke wala mtoto, na ndugu zake hawakuwa hapa. Tungempa nani pole?

Hapo gari la nyumba ile ya Muaither likasimama nje ya geti. Mama Kubwa hakuweza tena kutembea. Alishusha kioo, akauliza kupitia Rajabu, kama desturi yao inavyotaka: "Mfiwa ni nani? Nimpe nani pole?"

Cornelius alianza kueleza habari za Askofu, na shirika lake la wamisionari, na Ayalandi. Nasimiyu akampita, akainama dirishani.

"Mimi, Mama," alisema. "Nipe mimi."

Kanisa lina taratibu zake za kumtangaza mtu mtakatifu, nasi tunazingoja kwa utii. Kumuiga hakuhitaji kungoja. Ukisikia jirani yako amefiwa, usiseme utampigia simu. Vaa viatu uende.