Mkaguzi Aliyeamini Mikono

Mkaguzi wa chama cha mbio za magari hakuamini macho, aliamini mikono. Kwenye uwanja wa ndege ulioachwa na jeshi, kila gari lilipita kwake: atikise usukani, avute mkanda wa kiti mpaka gari liyumbe, ndipo agonge paa kwa kiganja, ishara ya nenda. Vijana, waliozoea kushindana barabarani na kukamatwa, walimwita Mama Mkwe kwa ukaguzi wake usioridhika. Jumapili moja Haldane, mkuu wa polisi aliyekuja kufunga uwanja, alitazama ukaguzi weee, kisha akaingiza gari lake mwenyewe kwenye foleni. Mkono wa mkaguzi ukapapasa kiti, ukatoka mtupu.

"Huna mkanda, afande. Toa gari."

Vijana wakaduwaa. Haldane akageuza gari, akaondoka. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amejifunga mkanda barabara.

"Haya, Mama Mkwe, vuta uchoke!"

Kiganja kikagonga paa.