Kuogelea Juu ya Benchi

Uongo wa mwizi haudhuru sana, kwa kuwa hakuna anayemtarajia mwizi aseme kweli. Uongo unaodhuru ni ule wa mtu anayeheshimika, anaousema kwa upole ili asipungukiwe heshima. Hayo nayasema kwa ushahidi wa nafsi yangu, na ushahidi wenyewe niliupata katika likizo iliyonifurahisha kuliko zote za ujana wangu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa mwalimu kijana mjini Tabora, na rafiki zangu wawili walikuwa karani wa stesheni na seremala. Karani, mtu mnene mwenye maneno mengi, alipata ruhusa ya siku kumi, akatushawishi tupande gari moshi hadi Kigoma, kisha tupige kambi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na Ujiji. Babu zetu walikwenda huko kwa miguu, mizigo ikiwa kichwani. Sisi tungekwenda tumeketi, na mzigo wetu ungekuwa turubai, sufuria, unga na debe la asali.

"Wao walikwenda kazini," alisema karani. "Sisi tunakwenda kuoga."

Seremala alikataa. Alikuwa mtu wa kutembea juu ya paa la kanisa kama anatembea uani kwake, lakini maji yakimfika magotini alitokwa na jasho. Sisi watu wa Tabora tumekulia mbali na maji. Tunachokijua ni visima, na madimbwi ya masika. Hapo ndipo nilipotamka kwamba asiwe na hofu, mimi najua kuogelea.

Sikuwa nimebuni yote. Nilikuwa nimesoma kitabu chenye picha, kilichoeleza hatua kwa hatua namna ya kutupa mikono na kupiga miguu, na kwa majuma kadhaa nilifanya mazoezi chumbani, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya benchi. Juu ya benchi nilikuwa hodari. Niliamini kwamba maji yangekuwa nyongeza ndogo tu.

Mama yake seremala, mjane, alikuja mwenyewe nyumbani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia wewe maji unayajua."

"Nayajua, mama."

"Basi nakukabidhi mwanangu. Sina mwingine."

Nilimwitikia bila kumeza mate.

Safari ilikuwa ya raha. Urambo tulinunua karanga, Usinge tukanunua nyingine, na katika kila stesheni karani alishuka kuwaamkia makarani wenzake kama askofu anayezuru parokia. Kigoma tukashuka, tukatembea hadi Ujiji, tukaomba ruhusa kwa wenyeji, na kabla ya jua kuwa kali turubai letu lilikuwa limesimama juu ya mchanga.

Sijaona tena maji kama yale. Ukisimama yamekufika kifuani, unaona vidole vya miguu yako. Karani aliketi humo hadi shingoni tangu asubuhi kama kiboko, akawa anaagiza migebuka, samaki wa ziwa lile, wa kukaanga, aletewe huko huko. Seremala alijitahidi hadi akafikia mapajani. Mimi kila nilipoombwa nionyeshe ujuzi wangu nilitoa sababu: kitabu kilikataza kuogelea mara baada ya kula, na sisi tulikuwa tunakula daima.

Siku ya tatu wakaja watani. Watu wa pale walitutania sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na mtani ana haki yake: anakutukana, anakuchukulia kitu chako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika; huna budi kujikomboa. Mkubwa wao alikuwa mchonga mitumbwi, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Alitusalimu kwa adabu, akaiepua sufuria yetu motoni pamoja na samaki waliomo, akaiweka ndani ya mtumbwi wake.

"Sufuria hii," aliuliza, "imekuja kwetu kwa miguu?"

"Imekuja kwa gari moshi," alijibu karani kutoka majini.

"Basi imechoka. Itapumzika kwangu."

"Tuikomboe kwa kitu gani, mtani?"

Alituonyesha mwamba uliotokeza mbali majini. Tungeshindana nao, mtumbwi kwa mtumbwi, hadi pale na kurudi. Na kila upande, ukifika, ungemshusha mtu mmoja auzunguke mwamba kwa kuogelea.

"Mnaye mwogeleaji, enyi watu wa nchi kavu?"

Seremala aliniwekea mkono begani. "Tunaye," alisema, na alisema kwa fahari.

Walituazima mtumbwi, tukapiga kafi. Karani alikaa nyuma, pua ya mtumbwi ikainuka.

"Mwekeni huyo mnene katikati," walituita wale, wakiwa wameshatuacha, "mtumbwi wenu umechuchumaa!"

Seremala alicheka. Alikuwa ameisahau hofu yake kabisa. Tulipofika katikati ya njia alisimama wima, akawatikisia kafi watani, na mtumbwi ukalala upande. Chini yake niliona maji ya buluu yasiyo na mwisho. Aligeuka akanitazama, akatabasamu, kama mtu aliyeegemea ukuta wa mawe. Hakuwa amepata ujasiri. Alikuwa amenipata mimi.

"Kaa chini," nikamwambia. "Sijui kuogelea."

Alidhani nafanya mzaha.

"Sijui. Nilijifunza juu ya benchi."

Akaketi polepole, akashika kingo zote mbili. Karani aliacha kupiga kafi.

"Hujui tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na mama ulimwambia..." alianza seremala, wala hakumaliza.

Tuligeuza mtumbwi. Watani walipoona tunarudi walitufuata, na karani akawaeleza yote bila kunihurumia. Mchonga mitumbwi alicheka hadi akaweka kafi chini.

"Kitabu hicho," aliniuliza, "ndani kilikuwa na maji?"

"Picha tu."

Hukumu ya mtani haikatiwi rufaa. Samaki wakaliwa na washindi sisi tukitazama, asali ikawafuata samaki, nami nikaamriwa niingie ziwani kila asubuhi mpaka nielee. Karani aliniandama kwa siku mbili nzima. Nikisema unga umebaki kidogo, aliuliza kama nimeuona au nimeusoma. Hayo niliyastahili na niliyavumilia. Kilichoniuma ni seremala, ambaye jioni ile aliniambia neno moja tu: "Mama utamweleza mwenyewe." Nilimweleza, siku ile ile tuliyorudi Tabora, nikiwa nimesimama mlangoni, naye alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niketi nile.

Mchonga mitumbwi alinilaza juu ya viganja vyake viwili kama mtoto anayeogeshwa. "Acha kupigana na ziwa," alisema. "Halikujui." Siku ya pili ya adhabu yangu nilihisi viganja vimeondoka na mimi bado nipo. Siku hiyo seremala alikuja mwenyewe, akajilaza kando yangu. Alijifunza haraka kuliko mimi, nami nilipolalamika mtani akasema si ajabu, yeye hana la kusahau kwanza.

Siku ya mwisho watani walisimamisha mtumbwi wao mahali ambapo mguu haufiki chini, na seremala akataka kuuendea kwa kuogelea, peke yake. Tulitembea pamoja majini hadi yakatufika kifuani.

"Unaweza kunifuata mpaka pale?" aliniuliza.

Ningeweza kusema labda. Nilikuwa nimeshapiga mikono kumi mfululizo asubuhi ile, na karani alikuwa shahidi.

"Siwezi. Nikipita hapa nitazama."

"Vizuri. Simama hapa hapa. Ukiona nimelemewa usije, mwite mtani."

"Nitamwita."

Alinitazama kidogo, vile alivyozoea kutazama ubao kabla ya kuukata, kisha akajitupa mbele. Sikuondoa macho yangu kwenye kichwa chake, wala sikumjibu karani alipokuwa akinisemesha, mpaka nilipouona mkono wake umeshika ukingo wa mtumbwi.