Nimeipaka bunduki samli

Leo mwanangu Guyo amenikasirikia mbele ya mkubwa wake wa polisi, na kosa ni langu. Nusu yake.

Guyo ni askari wa akiba hapa kwetu Garsen. Bunduki aliyopewa ndiyo inalinda ng'ombe wetu malishoni.

Asubuhi aliiosha kwa spiriti, akaitundika kwenye mwarobaini pamoja na darubini yake. Alitaka kuzipulizia rangi ngumu ya kuzuia kutu.

"Mama, usiguse." Akaenda dukani kuchukua rangi.

Hakusema kwa nini.

Nikatazama chuma, kimekauka kama kisigino cha mvivu. Kwetu kitu kikikauka hupakwa samli. Nikapaka bunduki. Nikapaka na vioo vya darubini, nisije nikabagua.

Akarudi, akapuliza. Kumbe rangi haishiki penye mafuta! Adhuhuri inabanduka kama ngozi ya nyoka, na mkubwa huyo hapo mlangoni amekuja kukagua. Bunduki ikionekana mbovu, inachukuliwa.

Mkubwa akakwangua kwa ukucha. Akanusa.

"Guyo, hii ni samli?"

"Muulize mama."

"Ni ya ng'ombe wangu mwenyewe," nikasema.

Akafuta rangi yote kwa kitambaa. Ikatoka bila shida. Chini yake chuma kizima, hakina doa.

"Ukiipaka tena kitu bila kuniuliza, naondoka nayo." Akamrudishia Guyo bunduki.

Sasa Guyo anatazama ng'ombe kwa darubini. "Mama, naona ukungu tu!"

Nimemwambia ni wa mto.

Nyinyi wenye watoto wanaokataza bila kueleza, semeni hapa kosa ni la nani. Nusu yangu nimeshaitaja.