Vitumbua vya Bi Fatuma

Harufu ya kafuri haitoki haraka mikononi. Mama alikuwa amenawa mara tatu kwa sabuni kabla hatujaondoka Houston, lakini tulipofunga milango ya gari harufu ikajaa tena, baridi na kali, kana kwamba marehemu alikuwa amepanda nasi.

Ilikuwa mwaka 2018, adhuhuri, na tulikuwa tunarudi nyumbani Grand Prairie. Mimi niliendesha, Mama alikaa kando yangu, na nyuma alikuwa binti yangu Zuhura, mwenye miaka tisa. Tulikuwa tumekwenda kumzika binamu yake Mama, na Mama ndiye aliyemwosha. Kwetu Tanga alikuwa mwosha maiti tangu hajaolewa, na sifa hiyo ilimfuata hadi Texas, hata watu wa Mesquite na Fort Worth walimjua kwa jina. Mimi nilikwenda msibani moja kwa moja kutoka zamu tatu mfululizo za kutunza wazee. Nilikuwa nimechoka mpaka kope zinauma. Nikafungua dirisha, joto la Texas likaingia kwa kishindo, nikalifunga upesi.

Kwetu kafuri ni ya maiti. Hutiwa katika maji ya mwisho ya kumwoshea, na mtu akiinusa hunyamaza. Mimi nikiinusa nasikia njaa. Niacheni nieleze kabla hamjaanza kunihofia.

Nilikuwa na miaka kumi macho ya Mama yalipoanza kuzimika. Likatangulia la kulia, likafuata la kushoto. Ndugu wakachangishana, tukaenda Madurai, mji wa kusini mwa India ambako Wahindu huja kuhiji kutoka kila upande, na ambako, bahati yetu, kulikuwa na hospitali ya macho iliyosifiwa mpaka Tanga. Mimi nilichukuliwa kwa sababu moja tu. Mama alisema kama macho yanakwenda, basi kitu cha mwisho anachotaka kukiona ni mimi.

Msindikizaji wetu alikuwa Mjomba Shaabani, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika duka la Mhindi na kujisifu kuwa Kihindi amekimaliza. Bombay, tuliposhuka ndege, kilitufaa kweli. Madurai wanasema Kitamili, na Mjomba alipofungua kinywa watu walimtazama kwa huruma ileile waliyonitazama nayo mimi. Siku ya pili alikula kila alichokiona barabarani, ya tatu tumbo likamlaza, na hakuinuka kwa wiki nzima.

Jicho la kushoto ndilo lililopasuliwa kwanza. Likafungwa bendeji, na la kulia halikuona ila mwanga, kwa hiyo Mama akawa kipofu kabisa, amekaa kitandani na mikono mapajani. Tena hakula. Chakula cha hospitali alikisukuma.

"Sijui kapika nani," alisema. "Sijui kimetajiwa nani."

Aliogopa chakula kilichotolewa sadaka kwa masanamu. Siku nne akaishi kwa ndizi na chai ya rangi. Daktari akaja, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza ambacho mimi, kwa elimu yangu ya darasa la nne, nilikielewa vizuri kuliko nilivyopenda: asipokula kidonda hakitapona, na jicho la pili halitaguswa.

Basi nikatoka mimi kutafuta chakula.

Mpaka leo sijui kama nilikuwa jasiri au mjinga. Mitaa yote ilizunguka ukuta wa hekalu, na juu ya ukuta minara ilijaa miungu ya rangi, mamia kwa mamia, wote wakinitazama mimi peke yangu, mtoto wa chuo cha Kurani. Wanawake waliuza asumini zilizotungwa, wakizipima kwa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na harufu yake ilinitia machozi kwa kuwa ilikuwa harufu ya nyumba yetu siku ya harusi. Mtu mmoja alikatakata chapati kwenye bati la moto kwa vyuma viwili, kwa mdundo wa kuchezeka. Nilipewa vipande vyeupe laini vya mchele uliochemshwa kwa mvuke, juu ya jani la mgomba, pamoja na chatne ya nazi. Nilinywa maziwa baridi mazito yenye vitu vinavyoteleza ulimini, nikaogopa, nikamaliza. Vyote vilikuwa vitamu, na hakuna hata kimoja ambacho Mama angekikubali, kwa sababu hakukijua. Mchana ule nilizunguka mpaka vumbi likafika magotini.

Halafu nikanusa iliki.

Mama mmoja mnene alikuwa amechuchumaa kando ya lango la hekalu, mbele ya kikaango cha chuma chenye mashimo. Katika kila shimo uji wa mchele ulikuwa unaumuka na kugeuka kahawia.

"Vitumbua!" nikapiga kelele.

Akacheka, akajaribu kulisema neno lile, akanipa kimoja. Kilikuwa na sukari guru, na kilikuwa kitumbua, wallahi. Lakini nilipoinua macho niliona alama nyekundu kwenye paji la uso wake, na nyuma ya jiko, katika shimo la ukuta, mungu mdogo wa jiwe aliyepakwa majivu. Mbele yake kafuri ilikuwa inawaka, na vitumbua vitatu vya kwanza vya siku hiyo vimewekwa juu ya jani.

Nilirudi hospitali mbio. Mama alikipapasa kitumbua, akakinusa.

"Kapika nani?"

"Mama mmoja."

"Mwislamu?"

Nikatazama miguu yangu. "Ndiyo. Anaitwa Bi Fatuma."

Mama akala. Akala vinne, akanywa maji, akalala usingizi wa kweli. Tangu siku hiyo kila asubuhi alinituma kwa Bi Fatuma, na kila asubuhi alinipa salamu. Nilizifikisha kwa Kiswahili, Bi Fatuma akajibu kwa Kitamili, nami nikarudi na majibu niliyoyatunga njiani: anashukuru, anakuombea dua, mwanawe mkubwa yuko Maka. Mama akafurahi, akatoa kanga mpya begini nimpelekee. Bi Fatuma akajifunga kiunoni papo hapo, na alama yake nyekundu usoni.

Kabla ya upasuaji wa pili, Bi Fatuma aliniuliza kwa ishara ninampelekea nani. Nikafunika macho yangu kwa viganja. Akageuka, akachukua vile vitumbua vitatu mbele ya yule mungu wake, akavifunga ndani ya jani, akaniwekea mkono kichwani. Ningekataaje?

Vilinuka kafuri. Mama alikiinua cha kwanza mpaka mdomoni, akasita. Alikaa nacho hivyo muda mrefu, na mimi nilihesabu vigae vya sakafu.

"Umetembea sana leo?" akauliza.

"Sana, Mama."

Akasema Bismillahi, akavila vyote vitatu.

Jicho la kushoto lilipofunguliwa lilinitazama, na neno la kwanza la Mama lilikuwa, "Umekonda." La kulia lilipasuliwa, likafunguliwa, halikuona kitu. Mimi nilijua sababu. Nilikuwa nimemlisha mama yangu chakula cha sanamu kwa uongo, na Mungu akachukua jicho. Sikumwambia mtu. Niliswali sunna nyingi kuliko mtoto yeyote wa mtaa wetu, watu wakanisifu, na kila waliponisifu niliongeza rakaa mbili. Nimekua na jicho lile. Nimeolewa nalo, nimehama nalo.

Sasa turudi garini. Katikati ya safari tulisimama kwenye kituo cha mafuta chenye duka la mikate. Mama hakuweza kushuka, magoti yalikuwa yamekataa. Nikampa Zuhura hela.

"Uliza kwanza kama wanatia mafuta ya nguruwe," nilimwambia.

Nilimwona kupitia kioo. Alichukua mwenyewe andazi la duara lenye jamu katikati, akasimama foleni, akalipa, akatoka. Hakufungua kinywa.

"Here, Bibi. It's okay, I asked the lady."

Mama akalipokea, akaligeuzageuza. "Umemwuliza nani?"

"The lady."

"Anaitwaje?"

Zuhura hakulitegemea swali hilo. "Um... Maria."

Mama akanigeuzia jicho lake moja. Lilikuwa linacheka.

"Msalimie Bi Maria," akasema. "Mwambie namwombea dua."

Nilishika usukani, na gari lilikuwa limezimwa.

"Mama. Ulijua tangu lini?"

"Kafuri, mwanangu. Mimi nitaikosea kafuri?"

"Mbona ulikula?"

Alikuwa amechoka sana siku ile. Sauti yake ilitoka kidogokidogo.

"Ulikuwa unahema kama umebeba gunia. Ningekikataa kitumbua kile ungerudi tena barabarani. Nikasema Bismillahi. Nikamwambia Mungu, kama ni dhambi, iandike kwangu, huyu mtoto mwache apumzike."

"Na jicho?"

"Jicho gani?"

"La kulia."

"Ah, lile! Daktari wa Tanga aliniambia limeshakufa kabla hatujapanda ndege. Kule walijaribu tu." Akanitazama vizuri. "Kwani wewe ulidhani nini?"

Nililia, mtu mzima, mbele ya pampu ya mafuta, na Zuhura nyuma anauliza, "What happened? Mom? What did I do?"

"Hukufanya kitu," Mama akamwambia.

Kwa miaka yote hiyo niliamini kuwa nilimdanganya kipofu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananiona.

Akakata andazi vipande viwili, kikubwa akanipa mimi. Kilinuka jamu na kafuri ya vidole vyake. Sikuuliza kapika nani. Nilisema Bismillahi, nikala.