Msimu Tuliobana Kijani

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na nikiwa na cheti cha kidato cha nne mfukoni, kwamba rangi za kompyuta huisha. Habari hiyo nilipewa na mwenzangu wa masomo ya jioni. Alikuwa amekaa Dar es Salaam wiki mbili, kwa hiyo pale darasani alihesabika kama profesa. Alisema ndani ya kompyuta mna rangi tatu tu, nyekundu, kijani na bluu, zimejazwa huko huko kiwandani, na mtu akizitumia ovyo zinakauka kama wino wa kalamu. Ndiyo maana, alisema, matajiri wanabadilisha kompyuta kila mara. Hoja niliiona imetulia kabisa. Nikaibeba hadi nyumbani nikaitangaza, na ningepewa kipaza sauti wangeisikia hadi Ihumwa.

Nyumbani habari hiyo ilimhusu baba kuliko mtu yeyote. Baba alikuwa dereva wa lori, Dodoma kwenda Kondoa hadi Babati, tangu barabara ile ikiwa mawe matupu. Nyonga ilipogoma, daktari alimkataza kupanda lori tena. Basi akahamia kibarazani. Alikaa pale mchana kutwa, haongei, anasikiliza malori yanayopita barabara kuu, na likipita linalolia vibaya anasema, "Huyo anaua gia," kisha kimya tena. Na huyu ni mtu ambaye akicheka, vikombe kabatini vilikuwa vinagongana! Kimya kile tulikiogopa kuliko nyonga yenyewe.

Ilikuwa miaka ya soko huria, bidhaa zinamwagika Dodoma kwa wingi ambao mvua haijawahi kututendea. Binamu yangu aliyekuwa akifuata mali Dubai akaniletea laptopu iliyokwishatumika, ya wacheza gemu, nene kama tofali la kuchoma, ina taa nyekundu ubavuni na feni inayovuma kama ndege inayotaka kupaa. Ndani mlikuwa na gemu la kuendesha malori. Nikamwita baba sebuleni, nikaiweka mezani mbele yake, nikamwonyesha vitufe vya mishale. Alivitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi. Chai yake mwenyewe haijapoa, tayari alikuwa anapiga honi kwa mdomo.

Kuanzia hapo, kila akimaliza sala ya alasiri, ni safari. Mimi nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na siku nikiwahi kutoka, utingo ni mimi.

"Utingo!"

"Naam, bosi."

"Matairi umekagua?"

"Yako sawa."

"Nimekuuliza umekagua, sijakuuliza yakoje moyoni mwako."

Gemu lile lilitengenezwa na watu wanaopita kulia. Baba alipita kushoto, kwa sheria anayoijua, na kila gari likamjia usoni. "Nchi hii leseni wanagawa sokoni!" alifoka. Halafu hakuwa na haraka hata kidogo. Mashindano ni ya mwendo, yeye anaenda taratibu kwa sababu amebeba shehena. Alikuwa wa mwisho kila safari, na kioo kikamwandikia maneno mekundu ya kushindwa.

"Mzigo umefika?" aliniuliza.

"Umefika."

"Umemwagika?"

"Haujamwagika."

"Sasa huyu anayeniandikia mekundu ni nani? Bosi wake namjua?"

Na akacheka. Vikombe vikagongana. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuhakikisha ni yeye.

Mama alifurahi hata akaifumia laptopu kitambaa. Kwetu kila kitu cha heshima kina kitambaa chake: redio, televisheni, makochi, hadi jagi la maji. Hiki kilikuwa cha sufu nzito, cheupe, maua ya manjano kingoni, kinene kiasi kwamba mtoto mchanga angelala juu yake asijue kama ameondolewa kwa mamaye. Akamaliza, akapanda basi kwenda Busi, huko Kondoa, kwa dada yake kumsaidia kuvuna uwele. Mimi nikabaki na kitambaa. Kwa kuiheshimu kazi ya mikono yake, nikakitandika chini ya laptopu kama godoro, kingo nikazipandisha nyuma na ubavuni, ili jua na vumbi la Dodoma visizifikie zile rangi tatu. Kilikaa hapo usiku na mchana, baba akiwa safarini na asipokuwa safarini.

Haikupita wiki, mambo yakaanza kuharibika. Kwanza ilikuja mistari, kama mvua inayonyesha kwa rula. Kisha miti ikawa ya waridi. Kisha tukapishana na kundi la ng'ombe wa bluu.

"Utingo," baba alisema, amepunguza mwendo kwa adabu, "hawa ng'ombe wamechanjwa na nini?"

Mimi nilijua. Kijani kilikuwa kinaisha! Baba alikuwa anapenda kupita njia ya msituni, milima mitupu ya majani, anakifuja kijani kama mtu aliyerithi.

"Baba, kuanzia leo tunabana kijani. Tunapita njia ya jangwani."

"Jangwani?" Alilisimamisha lori. "Nimezaliwa Dodoma, nimezeekea Dodoma, leo nimepata safari ya nje na wewe unanipeleka kwenye ukame?"

"Kwa muda tu, bosi."

"Lori langu, mafuta yangu, nyonga yangu. Halafu jangwani."

Lakini akapita, uso wa mtu aliyepigwa faini na trafiki. Tulibana kijani siku kadhaa. Haikusaidia. Alasiri moja jangwa lenyewe likawa la zambarau, lori likakwama hewani, picha ikaganda kabisa. Baba alisubiri. Akabonyeza, akasubiri tena. Kisha akachukua fimbo yake, akajikokota kibarazani, akakaa palepale alipokuwa anakaa zamani. Lori likapita barabara kuu, linalia vibaya mno. Hakusema lolote.

Kesho yake nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Alikuwa dada mmoja wa familia ya wafanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, kibanda chake kiko nyuma ya soko, na meza yake ni ubao mtupu. Aliiwasha laptopu, akaliachia lori lipite msituni, akanywa chai, akahudumia wateja, akala na andazi. Hakuna mstari, hakuna ng'ombe wa bluu.

"Kaka, hii ni nzima."

Nikairudisha nyumbani. Alasiri, zambarau. Nikairudisha kwake. Nzima! Nadhani safari zile za mjini zilimaliza soli za viatu viwili na kuanza kula mguu.

"Labda inapenda mjini," nilimwambia.

"Haina mapenzi hii. Kuna kitu huko kwenu." Akanipa kioo kikubwa cha kompyuta ya mezani, kizito kama jiwe la kusagia. "Ikianza vituko, chomeka hiki. Picha ikiwa safi humu, basi kioo cha laptopu ndicho kibovu. Ikiwa chafu humu pia, ni kadi ya picha, kile kidude cha ndani kinachochora kila unachokiona. Na omba Mungu isiwe kadi. Kwenye laptopu kama hii imeunganishwa mle mle. Ikifa, hakuna ya kubadilisha."

Nilimbembeleza baba arudi kwenye usukani. Mistari ilipoanza nikachomeka. Kioo kikubwa kikawaka, nacho kikawa cha zambarau, tena kwa upana.

"Ulikwenda kutafuta dawa," baba alisema, "umerudi na mgonjwa wa pili."

Sikuweza kucheka. Ni kadi. Nilikuwa nawaza namna ya kumwambia kwamba safari zimekwisha, ndipo mama akaingia, vumbi la Kondoa hadi kwenye kope, mzigo wa uwele kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniangalia. Aliangalia meza. "Nani amekilalisha kitambaa changu chini?"

"Nimekiheshimu, mama."

"Kukikalia ndiyo kukiheshimu?" Alitua mzigo, akapitisha kiganja chini ya laptopu, akakitoa upesi kama aliyegusa kikaango. "Ee! Mnapika nini humu?"

"Nazuia jua lisifike kwenye rangi."

Mama alimgeukia baba. "Na wewe, baba watoto, miaka yote hiyo ya malori. Lori ukilifunga blanketi kwenye rejeta, injini ikakosa kupoa, linafika wapi?"

Baba alifikiri kwa uaminifu wa kazi yake. "Halifiki hata hapo Msalato," alisema. Kisha akaitazama laptopu, akanitazama mimi, akaanza kutikisika mabega.

"Nilikifuma cha kufunikia ikizimwa," mama alisema, akakivuta chote. "Ikizimwa! Redio mbona mnaifunua?"

Tuliiinua juu ya vipande viwili vya mbao, tukaizima, tukaiacha ipoe wakati mama anakunywa uji. Ilipowashwa, baba hakuniuliza njia. Aliingia msituni moja kwa moja. Milima ilikuwa ya kijani, miti ya kijani, ng'ombe rangi ya ng'ombe. Akapita kushoto, akatukana kila dereva wa nchi ile, akaendesha hadi adhana ya magharibi, na mama amekaa ubavuni kwake akila karanga, abiria asiyelipa nauli.

Siku iliyofuata nilirudisha kioo, nikaomba laptopu isafishwe kabisa. Baba alikataa kubaki. Alisema hajawahi kuendesha gari asiloona injini yake. Fundi alifungua vifuniko vya chini, akachomoa kwenye feni vumbi jekundu na manyoya meupe ya sufu, donge kwa donge.

"Mlikuwa mnafuga kondoo humu?"

Baba aliinama na fimbo yake, kichwa ndani kabisa kama zamani barabarani Kondoa. "Kumbe ina rejeta yake."

"Ndiyo, mzee wangu. Hii hapa inavuta joto, hii inalipuliza nje."

"Na bado inadai matengenezo?"

"Haidai kitu. Kadi imeokoka. Siku chache zaidi mngeizika."

Baba alipumua kwa nguvu, akaketi. Fundi akachukua bisibisi aanze kufunga. Mimi nikamzuia, maana mtu makini haachi kazi nusu.

"Dada, kabla hujafunga, nipimie na kijani kimebaki kiasi gani. Tulikibana sana, lakini jana mzee alipita msituni hadi magharibi."

Aliniangalia aone kama natania. Akaona sitanii. Akaweka bisibisi mezani.

"Kaka," alisema, "humo ndani hamna rangi. Kioo kinawasha taa tu, na taa haipungui kwa kuangaliwa. Kilichoharibu picha ni joto."