Siku Bibi Alipokataa Kupika Pilau

Pale stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, kuna akina mama wanaouza karanga za kuchemsha, zile zenye maganda yake, zinatoa mvuke bado kwenye beseni. Harufu yake si kama ya karanga za kukaanga. Ni harufu ya udongo uliolowa, ya shamba asubuhi. Wenzangu ikiwafikia wanameza mate. Mimi naikimbia. Juzi mjukuu wangu alinivuta kanga anataka anunuliwe, nikamnunulia, nikamwambia ale taratibu asipaliwe. Mwenyewe nilikwenda kusimama upande wa pili, pale ambapo upepo hauleti ile harufu.

Msidhani naumwa. Ngoja niwaeleze. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la tano, niliolewa mapema, na binti yangu naye hakukawia, ndiyo maana naitwa bibi wakati kichwa hakijajaa mvi. Ila jambo hili nalikumbuka lote.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Ilikuwa ile miaka ya tisini, wafanyabiashara binafsi ndiyo wanaanza kuingia vijijini na malori yao kununua pamba, na magari ya barafu yanashuka mpaka ufukweni kuchukua sangara. Kijiji chetu kiko kando ya ziwa, mbele ya Kisesa ukiwa unatoka Mwanza. Nililelewa na Bibi, mama yake mama. Mama aliolewa tena upande wa Geita, mimi nikabaki.

Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna ajabu hapo. Alipika maisha yake yote ndani ya kijumba kisicho na dirisha, kwa miti ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wa samadi unakula jicho. Lakini miaka ile, kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu alikuwa mtu wa kuangaliwa mara mbili. Mtoto akifa, ng'ombe wakifa, mvua ikikataa, watu walianza kuwahesabu vikongwe, wakitafuta mchawi. Wa huku mnajua ninachosema. Vijiji vya jirani kulikuwa na mabibi waliokatwa mapanga. Na waliowakata hawakuwa majirani. Walikuwa watu wa kukodiwa. Tulisikia kwamba wanakuja kwanza mchana, wanaonyeshwa nyumba, wanaondoka, halafu wanarudi.

Masika ile Masunga alifariki. Alikuwa mtoto wa Mama Limi, jirani yetu, kadogo kenye tumbo na kicheko, hajafika hata umri wa kuchunga mbuzi. Kila asubuhi alipita kwetu kwa sababu Bibi alimwekea ukoko wa ugali. Siku moja alikula ukoko wake, jioni akachemka homa, wakamkimbiza zahanati, haikusaidia. Tukazika.

Hakuna aliyesema neno mbele yetu. Ila Mama Limi aliacha kuja kuchukua moto kwetu asubuhi, kazi aliyoifanya tangu nipate akili. Na Limi, binti yake, ambaye tulikuwa tunakwenda ziwani pamoja kuchota maji, akaanza kuniacha nyuma. Siku moja nikamkimbilia.

"Limi, nisubiri!"

"Mama kasema nisitembee na wewe."

"Kwa nini?"

"Bibi yako kamla Masunga."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia mvua inakuja. Kisha akajitwika ndoo yake akaenda.

Sikumwambia Bibi. Ningeanzia wapi? Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye, na nikawa nashika ncha ya kanga yake mpaka vidole vinakufa ganzi. Mbwa akibweka, naacha kupumua. Asubuhi nikimwona anachochea moto na macho yake yale, nilitamani kumwambia, Bibi, funga macho, usitoke nje, watu watakuona.

Wakati huo nilikuwa namaliza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Nilijua Bibi hatafanya sherehe. Nani angekuja kula kwetu? Kumbe akatangaza mwenyewe pale kanisani, mbele ya watu wakitoka misa, kwamba Mbuke wake, ndiyo mimi, akikomunika, kijiji chote kije kula. Watu waliangalia chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama mdogo Tereza, anayeuza mitumba Mwanza, alifika siku moja kabla na kreti za soda, mfuko wa mchele, na pakiti za viungo zilizonukia mpaka barabarani.

"Mama, mchele huo. Mbuzi nitanunua mimi. Tupike pilau watu wasahau."

"Wasahau nini?" Bibi akauliza.

Mama mdogo akaanza kuzipanga upya zile pakiti za viungo.

"Pilau hapana," Bibi akasema. "Viazi vitamu. Karanga. Mayai. Ndizi mbivu. Na hizo soda zako."

"Viazi vya kumenya?"

"Vya kuchemsha na maganda yake. Karanga na maganda yake. Yai na ganda lake."

"Jamani, mama! Mtoto anapokea komunyo tunawapa watu karanga kama nyani? Watasema sisi wavivu! Watasema nimetoka mjini na mikono mitupu!"

"Waseme wavivu. Wakiishia hapo, tumepona."

Mama mdogo alimtazama. Kisha akaketi juu ya ule mfuko wa mchele, akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Mimi sikuelewa. Nilisikia aibu tu. Wenzangu wote walikuwa wamepikiwa pilau au wali na kuku, na Bibi yangu, mwanamke aliyekuwa akiamka kabla jogoo hajawika akasage mtama, ndiyo siku yangu anaamua kuchemsha vitu ambavyo hata mtoto anachemsha. Maji, moto, basi. Hata kitunguu hakikukatwa nyumba ile.

Nikaona na mambo mengine. Siku zote alipika ndani. Siku hiyo alitoa mafiga akayaweka katikati ya uwanja, karibu na njia ya watu, akainjika masufuria bila vifuniko. Anayepita anaona kiazi kinavyorukaruka kwenye maji. Mtungi wa maji ya kunywa aliuficha ndani. Vikombe navyo ndani. Kifungulio cha soda alikifunga kamba kwenye mguu wa meza ili kila mtu afungue yake. Na vilipoiva, hakugusa hata kimoja. Mama mdogo alimwaga maji, akavipanga kwenye ungo juu ya meza, huku njia nzima inamwona.

Tukaenda kanisani. Gauni langu lilikuwa jeupe, la mitumba, kubwa, limebanwa na pini mgongoni, na nilipopiga magoti pini moja ilinichoma. Nilipopokea, sikuomba yale tuliyofundishwa. Niliomba wageni wasije, halafu nikaomba waje. Sikujua lipi ni baya zaidi.

Walikuja. "Mwadila mayu," habari za mchana mama, walimwamkia Bibi mmoja mmoja, akaitikia, wakaketi kwenye mikeka mbali na meza. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, mikono yote miwili juu ya magoti, viganja vinaonekana. Katekista akaomba baraka ya chakula. Aliomba muda mrefu kuliko misa yenyewe, nadhani alikuwa anatafuta ujasiri. Aliposema amina, alikwenda moja kwa moja kwenye soda. Wote wakamfuata. Vizibo vikalia pwaa, pwaa, watu wakanywa. Chakula hakikuguswa. Karanga zikatoa mvuke mpaka zikapoa, na ile harufu ikakaa pale uwanjani juu ya vichwa vyetu.

Ndipo nikawaona. Kule kwenye uzio wa minyaa alisimama Baba Limi na wanaume wawili nisiowajua. Jua lilikuwa kali, na wale wawili walivaa makoti marefu. Hawakuketi, hawakuamkia mtu. Mmoja alikuwa anaangalia nyumba yetu, mlango, dirisha, paa, tena mlango. Nilikuwa nimebeba soda ya machungwa, ikamwagikia gauni, na sikusogea.

Mzee mmoja akakohoa. "Mayu, si desturi mwenye nyumba aanze? Onja basi na sisi tufuate."

"Nikionja mimi, mtasema nina dawa yake," Bibi akasema.

Lile neno lililokuwa linapita chinichini kijiji kizima, yeye kalitoa hadharani na kuliweka kwenye meza pamoja na viazi. Mama mdogo alinishika bega, kucha zake zikaingia.

Mama Limi akasimama. Alikuwa bado na kanga nyeusi ya msiba. Alitembea mpaka kwenye ungo, akachukua yai. Akaligeuza. Akaliinua juani akalitazama pande zote, akapitisha kidole anatafuta tundu. Hakupata. Akaligonga kwenye kitako cha chupa, akalimenya polepole, maganda yanaanguka miguuni pake, mpaka likabaki jeupe mkononi.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

"Haipo," Bibi akasema.

"Sherehe gani haina chumvi?"

"Hii yangu. Kwako ipo?"

Mama Limi alimwangalia mumewe kule kwenye minyaa. Akawaangalia wale wa makoti. Kila mtu alimwangalia yeye. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba akilirudisha lile yai mezani, usiku wowote kuanzia huo mlango wetu utavunjwa.

"Ipo," akasema mwishowe.

"Basi mtume mtoto akalete."

Mama Limi alifumba macho, akayafumbua, akaita kwa nguvu kama mtu anayegombana:

"Limi! Chumvi iko kwenye kopo, juu ya kichanja. Kimbia!"

Limi akakimbia. Nyumba yao ni hapo tu, lakini niliona kama amekwenda Bujora kwa miguu. Alirudi anatweta, kopo kifuani. Mama yake akamimina chumvi kidogo kiganjani, akachovya yai, akauma. Alitafuna huku machozi yanamshuka mpaka kwenye yai. Akameza. Kisha akachukua lile kopo akaanza kuzunguka mikeka, anawamiminia watu viganjani mmoja mmoja. "Shika. Na wewe shika. Mnangoja nini, si mmekuja kula?"

Wakala. Mzee wa kukohoa alimtania mama mdogo, "Tereza, mayai haya ya mjini au ya kuku wenye miguu?" Watu wakacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama waliotoka majini. Katekista alikula kama aliyefunga Kwaresima mbili mfululizo. Uwanja ukajaa maganda. Baba Limi aliwasindikiza wale wawili mpaka barabarani, akarudi peke yake, akachukua kiazi, akala amesimama, hamwangalii mtu.

Asubuhi yake Mama Limi alikuja kuchukua moto. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kitandani kwa uzee. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza juu ya ile chumvi. Alisema, "Ilikuwa imekwisha." Nikamuuliza tena, akaniambia nikaanue nguo.

Kwa muda mrefu hadithi hii niliisimulia kama hadithi ya akili ya Bibi, aliyepika chakula cha kivivu ambacho hakuna mkono wa mtu unaoweza kukitia dawa. Na ni kweli, alikuwa na akili. Lakini nusu yake nilikuwa sijaielewa.

Nilikuja kuielewa hapa Kiseke ninapoishi, nilipompoteza mtoto wangu wa pili. Homa, kama Masunga. Tulikuwa kwenye mikeka ya msiba, na mwanamke mmoja, mtu mwema tu, akaniinamia sikioni: "Nani alimlisha mara ya mwisho?" Aliyemlisha ni mama mkwe wangu. Alimpa uji. Nawaambia kweli, jina lake lilikuja mpaka kwenye ulimi, na lilikuwa na utamu. Uchungu wote ule ungepata mahali pa kwenda. Hapo ndipo nilipomwona tena Mama Limi amesimama pale uwanjani na yai lililomenywa. Siku ile macho yangu yalikuwa kwa wenye makoti. Kumbe wao walikuwa wanangoja neno la mwanamke mmoja mwenye msiba, na yeye alilazimika kuzika mtoto wake mara ya pili, safari hii bila wa kumlaumu.

Mama mkwe alikuwa amejibanza mlangoni, hathubutu kuingia. Nilisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtoto kaugua homa." Kisha nikamwita.

"Mama, njoo ukae hapa na mimi."

Nikasogea kwenye mkeka, akakaa.