Aliyesema Inafuta

Usiniambie ni virusi vya kompyuta. Usiniambie ni umande, wala waya mbovu, wala stima ya Garissa. Nimeambiwa yote hayo na watu wenye vyeti, na kila mmoja nilimfukuza mlangoni. Jambo hili lilinitokea mimi, mchana peupe, chumbani kwangu mtaani Waberi, na nikilisimulia bado nina hasira.

Nilikuja Garissa kufundisha Kiswahili. Baada ya miaka michache niliacha chaki nikaanza kupiga na kuhariri video za harusi, lakini ualimu haukuniacha. Mtu akisema "bole" badala ya "pole", au "fizuri" badala ya "vizuri", kichwani mwangu kuna kalamu nyekundu inayomsahihisha hapo hapo. Majirani zangu wengi ni Wasomali, na ulimi wao una njia zake. Nilijiona mjanja sana kwa kuwaelewa.

Mmoja wao ni Eeddo Sahara. Eeddo ni shangazi. Ndivyo tunavyowaita wanawake wa rika la mama zetu. Nilipiga video ya harusi ya binti yake. Siku ile mwanawe wa pekee wa kiume, Liban, alishika maikrofoni akamtania dada yake mpaka ukumbi mzima ukatokwa na machozi ya kicheko. Wiki tatu baadaye lori alilopanda lilipinduka njia ya Liboi, akafa. Simu yake ilisagika humo humo. Simu za wageni zilikuwa zimekatazwa ukumbini, kwa hiyo sauti ile ilibaki kwangu peke yangu.

"Mwalimu," Eeddo aliniambia, "mimi hataki bicha mingi. Mimi nataka fideo ile kijana yangu anaongea. Huyu msichana anaenda kwa bwana yake Mandera Alhamisi. Nataka abebe sauti ya ndugu yake."

Sasa, unalijua joto la Garissa? Prosesa ya kompyuta yangu nilikuwa nimeilazimisha ikimbie kupita kipimo ilichotengenezewa, maana video za harusi ni ndefu na wateja hawana subira. Prosesa ikikimbia hivyo inachemka. Feni zilikuwa zinapuliza hewa moto juu ya kitu cha moto. Nikaweka mfumo wa maji, ule wa mabomba madogo, lakini maji hayo hayawezi kupoa kuliko chumba yalimo, na chumba changu mchana ni tanuri. Kila nikianza kuitengeneza video ya Liban, mashine inazima nusu njia. Kufikia Jumanne nilikuwa nimeamua kwamba dawa ni mfumo wa friji: kompresa, gesi na bomba la shaba. Swali lilibaki moja. Friji ipoze yale maji, au ikae juu ya prosesa yenyewe? Ya maji ni salama. Ya moja kwa moja ina nguvu zaidi, lakini inaleta umande, na umande ukidondokea bodi ya kompyuta umekwisha.

Nilikuwa mlangoni nikilipima hilo, saa saba mchana, hata mbuzi wamejificha, ndipo mtu mmoja akaja akisukuma mkokoteni.

Hakuwa na tone la jasho. Alivaa macawiis safi, shuka ile wanayojifunga wanaume wa hapa, na alipotoa salamu pumzi yake ilitoka nyeupe, kama ya mtu aliyesimama Limuru alfajiri. Je, hilo halikutosha kunishtua? Lilitosha! Lakini macho yangu yalikuwa mkokotenini. Palikuwa na kompresa ndogo, bomba la shaba, na mwishoni kibamba cha saizi ya prosesa kabisa, kimezungushiwa sponji ya kuzuia umande. Alisema imetoka kwenye ofisi moja iliyofungwa Dadaab.

"Hii haipozi maji," akasema. "Hii unaiweka juu ya moyo wa mashine. Inafuta. Inafuta kila kitu."

Kalamu nyekundu ikafanya kazi yake: inavuta. Si ndivyo friji inavyofanya? Haitengenezi baridi, inavuta joto. Nikacheka moyoni, nikasema masikini, huyu anaijua fizikia ila v imemshinda.

Akauliza kuna nini ndani ya mashine. Nikamwambia harusi. Akauliza kuna nani. Na mimi mjinga, niamini, nikamsimulia yote: Liban, lori, mama yake, safari ya Alhamisi.

"Pole sana," akasema. "Vijana wanaondoka vibaya siku hizi."

Nikamlipa, akaenda zake. Jioni nikaufunga mtambo ule. Kufikia asubuhi ya Jumatano bomba lilikuwa limevaa barafu, kipimo cha joto kimeshuka chini ya sifuri, na video inaenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Niliimba, mimi nisiyejua kuimba.

Saa saba kamili mtu yule akasimama mlangoni.

"Imefuta?"

"Imevuta vizuri mno, ndugu yangu!" nikajibu, nikiikaza ile v kama niko darasani.

Akanitazama, pumzi nyeupe ikimtoka midomoni. "Sikusema vuta, mwalimu," akasema, na v yake ilikuwa safi kuliko yangu. "Nilisema futa."

Akageuka akaondoka. Sikuwa nimemwambia kwamba niliwahi kufundisha. Kisha nikayakumbuka maneno yake ya jana: pole, vijana, vibaya. Hakuna hata moja lililomshinda. Kasoro ilikuwa kwenye masikio yangu. Nilipotoka mbio nimkamate, barabara ilikuwa tupu na mchanga haukuwa na alama ya gurudumu.

Nikarudi nikafungua video. Ukumbi upo. Bibi harusi yupo. Wageni wanageuka kutazama meza ya mbele, na pale aliposimama Liban kuna kiti. Maikrofoni imelala mezani. Kimya. Halafu ukumbi mzima unaangua kicheko kwa utani ambao hakuna aliyeusema. Nikafungua nakala iliyokuwa kwenye diski ya pili, ambayo haikuwa imeunganishwa na waya wowote. Kiti. Nikatoa kadi ya kamera kabatini. Kiti.

Umande unaweza kuua mashine, nakubali. Lakini umande unachagua mtu?

Nilichukua nyundo nikaipasua kompresa ile huku nikiitukana matusi nisiyoweza kuyaandika hapa. Haikutoa gesi. Ndani hamkuwa na kitu, hata pistoni. Ni chuma kitupu kilichokuwa kikinguruma usiku na mchana.

Alhamisi Eeddo alikuja na binti yake. Niliwaonyesha, kwa sababu sikuwa na uongo wa kuwapa. Eeddo hakulia. Aligusa kioo kwa kidole.

"Hii ni kiti," akasema. "Mwalimu, kijana yangu iko wabi?"

Binti alipanda basi la Mandera mikono mitupu.

Vidole vyangu viwili vilivyoshika kile kibamba cha shaba havijapata joto tena tangu siku ile, hata nikivitia kwenye chai. Hayo navumilia. Nisichokivumilia ni Ijumaa. Kila Ijumaa, baada ya swala, Eeddo huja akakaa kwenye benchi langu. "Mwalimu, wewe umesikia hiyo fideo mara mingi. Alisema nini? Sauti yake ilikuwa nene?" Nilimsikiliza Liban labda mara arobaini nikiikata ile video. Nakumbuka rangi ya mapazia. Nakumbuka kicheko cha wageni. Sauti yake siikumbuki, wala neno lake hata moja. Nikiitafuta kichwani nakuta kiti. Inafuta kila kitu, alisema. Mshenzi yule hakunidanganya hata mara moja, na hilo ndilo linalonichoma.

Basi wewe unayetaka kupoza mashine yako, weka feni, weka maji, au izime ipumzike, shauri yako. Lakini mtu akija kukuambia neno, lisikie alivyolitamka. Usimsahihishe. Mimi nilimsahihisha, na kesho ni Ijumaa.